Maswali ya Wasomaji: Msumeno wa Meza wa Nyumbani, Uboreshwe Kuanzia Wapi?

Barua nyingi za msimu huu kuhusu misumeno ya meza zinauliza jambo moja: ninunue mota ya nguvu gani? Tumechagua zile zilizoeleza mashine kwa vipimo, kwa sababu bila vipimo ushauri unakuwa wa kubahatisha. Mtaona kwamba mota haiji mwanzoni mwa majibu yetu, na tuna sababu.

Habari za kazi, mafundi. Nina msumeno wa meza wa kuchomelewa mtaani: fremu ya chuma cha pembe, shafti ya milimita 25 juu ya beringi mbili za UCP205 (beringi za kusimama zenye tundu la milimita 25), mota ya hp 2 fezi moja ya mizunguko 1,440 kwa dakika, mkanda mmoja. Puli ya mota ni milimita 100, ya shafti 75. Bledi ni ya milimita 250, meno 60. Nikipasua mninga wa inchi mbili bledi inapunguza mwendo, ubao unaungua na moshi unafuka. Nimeshauriwa nipandishe mota hadi hp 4. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)

Usikubali kwanza, ndugu yetu. Mashine yako ina matatizo matatu, na mota kubwa haitatibu hata moja.

La kwanza ni bledi. Meno 60 ni ya kukata kinyume cha nyuzi na ya plaiwudi. Unapopasua kufuata nyuzi, kila jino hutoa unga mrefu wenye nyuzinyuzi, na nafasi kati ya jino na jino ndiyo inayoubeba hadi utoke nje ya ubao. Meno yakiwa 60 nafasi hizo ni ndogo: zinajaa kabla jino halijatoka upande wa pili, unga unasuguana na ubao, joto linapanda, utomvu unayeyuka na kuganda kwenye bledi, msuguano unazidi. Tafuta bledi ya kupasulia ya meno 24 ya kabaidi (madini magumu yanayobandikwa kwenye ncha za meno), yenye meno yaliyoinamia mbele kwa digrii kama 20. Ile ya 60 ihifadhi kwa kukata vipande. Mwenye mashine ndogo atapata nafuu zaidi kwa bledi nyembamba inayoacha mkato wa milimita 2.4 badala ya 3.2: unaondoa robo ya mbao pungufu, na mota inapungukiwa mzigo kwa kiasi hichohicho.

Kabla ya kutupa bledi ya zamani, iangalie vizuri. Bledi nyingi zinazoitwa butu ni chafu tu. Iloweke dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya uvuguvugu yaliyoyeyushwa magadi, isugue kwa mswaki wa plastiki, suuza, kausha papo hapo na ipake mafuta kidogo. Usitumie soda kali ya kuzibulia mifereji, kwani inashambulia maungio ya kabaidi, na jino linaweza kuchomoka bledi ikizunguka.

La pili ni mwendo. Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli yake, gawanya kwa puli ya shafti: 1,440 × 100 ÷ 75 = 1,920. Ukingo wa bledi ya milimita 250 kwa mizunguko hiyo unakwenda mita 25 tu kwa sekunde. Bledi ya kabaidi hukata vizuri kwenye mita 40 hadi 60. Unaposukuma ubao kwa kasi ileile huku bledi ikienda polepole, kila jino linalazimika kung'oa kipande kinene zaidi, nalo linakwama. Weka puli ya milimita 175 kwenye mota na uache ile ya 75 kwenye shafti: utapata mizunguko 3,360, sawa na mita 44 kwa sekunde. Mkanda utahitaji kuongezeka karibu milimita 118, isipokuwa mota yako inateleza kwenye nafasi ndefu. Usijaribu kupunguza puli ya shafti badala yake. Mkanda wa aina ya A (saizi ya kawaida ya mikanda ya V) ukizungushwa kwenye puli iliyo chini ya milimita 75 unapindwa mno, unateleza na kupasuka mapema. Kumbuka pia kusoma mizunguko ya juu iliyoandikwa kwenye bledi, na usiizidi kamwe.

Kwa puli kubwa mota itachukua muda zaidi kuamka. Hilo ni la kawaida. Ikichukua zaidi ya sekunde nne au tano, shuka hadi puli ya 150, nayo inakupa mizunguko 2,880 na mita 38 kwa sekunde, bado ni bora sana kuliko ulivyo sasa.

Mkanda nao ukaguliwe. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: ukiwa na urefu wa milimita 400 kati ya puli na puli, ubonyee kama milimita 6. Weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa puli zote mbili. Isiache mwanga popote. Mkanda uliokaa miezi bila kazi hushika umbo la puli na kuitikisa mashine nzima, na hapo watu hulaumu beringi bure.

La tatu ni mstari, yaani bledi kuwa sambamba na njia ya ubao, na hapa ndipo tungependa utumie muda wako mwingi. Chomoa plagi. Pandisha bledi juu kabisa. Weka alama ya chaki kwenye jino moja. Chukua fito ya mbao inayokaa kwa kubana kwenye mfereji wa meza (kama meza haina mfereji, funga rula ya chuma iliyonyooka sambamba na njia unayosukumia ubao), ifunge skrubu ubavuni, na ikaze hadi kichwa cha skrubu kiguse lile jino likiwa mbele. Sasa izungushe bledi kwa mkono ili jino hilohilo lifike nyuma, isogeze fito, na upime nafasi kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi). Ni lazima liwe jino lilelile. Ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima kupinda kwa bledi na mstari kwa pamoja, bila kujua kipi ni kipi. Tofauti isizidi milimita 0.1.

Ikizidi, legeza bolti tatu kati ya nne za beringi, acha moja iwe egemeo, na gonga kidogokidogo kwa nyundo ya mpira. Fundi wa kuchomelea akikuwekea nati mbili za M8 kwenye fremu, pembeni mwa kila beringi, utasukuma kwa bolti badala ya kugonga, na kipimo hakitakimbia unapokaza. Katika kazi zote za mashine hii, hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kabisa.

Ubao wenyewe utakueleza hali ilivyo. Ukiungua pande zote mbili za mkato, tatizo ni bledi au unasukuma polepole mno. Ukiungua upande mmoja, au ukiona mikwaruzo ya duara inayokatana kama wavu, meno ya nyuma yanagusa wakati yanapanda: mstari umepotea. Ukishamaliza haya matatu na bado mota inalemewa na mninga wa inchi mbili, ndipo tuzungumze juu ya hp 3. Hp 4 kwa fezi moja nyumbani itakuletea matatizo ya waya ambayo msomaji wa Tanga anayaeleza hapa chini.

Fensi yangu, ile reli ya kuegemezea ubao, inabana mbele lakini mkia wake unacheza. Naweza kutengeneza mpya bila kununua ya dukani? Meza ina kina cha milimita 700. (Msomaji, Nakuru)

Unaweza, na ikitengenezwa kwa makini itaishinda nyingi zinazokuja na misumeno ya bei nafuu. Siri ni umbo la T: kichwa kirefu kinachoegemea reli ya mbele, na mkono ulionyooka usiohitaji kubanwa nyuma.

Nunua skwea paipu ya 50 × 75, unene milimita 3, urefu milimita 750, kwa ajili ya mkono. Chagua dukani kwa jicho: inyanyue, itazame kwa urefu wake kama unavyotazama ubao, na ikatae iliyopinda. Kwa reli ya mbele chukua chuma cha pembe cha 50 × 50 × 5, urefu milimita 1,200. Kichwa cha T ni pembe hiyohiyo, milimita 300. Toboa na utie nyuzi za M8 sehemu mbili kwenye kichwa, umbali wa milimita 250 kati yake; bolti hizo mbili ndizo zitakazogusa reli, na ndizo zitakazokupa marekebisho. Katikati weka kibanio cha mkono chenye nundu inayosukuma ikizungushwa.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu kazi hii. Joto la upande mmoja huvuta chuma, na T iliyokuwa mraba inatoka imelala. Bana vyote kwenye sehemu bapa, choma nukta fupi za milimita 10, ruka kutoka kona moja hadi ya kinyume, acha chuma kipoe hadi ushike kwa mkono, ndipo uendelee. Pima kwa skwea kila baada ya nukta mbili.

Marekebisho yafanye kwa bolti za M8. Uzi wake unasonga milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo mzunguko ni kama milimita 0.3 pale kwenye kichwa, na karibu milimita 0.9 kwenye mwisho wa mkono wa 700. Zungusha basi kwa hatua ndogo sana, kisha ufunge nati ya pili. Fensi iwe sambamba na bledi, au mkia uwe mbali zaidi na bledi kwa milimita 0.1 hadi 0.2. Usiuache mkia uingie ndani hata kidogo, kwa sababu ubao utabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma, na hapo ndipo unaporushwa.

Uso wa fensi uwe plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa nta, ifungwe kwa skrubu zilizozama ili uibadilishe ikichakaa.

Kaka yangu yuko Marekani na amenitumia msumeno wa meza uliotumika. Kibao kinasema volti 120, hetzi 60, ampea 15. Nikinunua transfoma itatosha? (Msomaji, Zanzibar)

Inategemea aina ya mota, na unaweza kuijua bila kufungua kitu. Ukiona vifuniko viwili vidogo vya plastiki vya kuzungusha kwa bisibisi ubavuni mwa mota, hizo ni nyumba za kaboni. Mota ya kaboni hupiga kelele kali na haijali hetzi. Kwayo transfoma ya 230 kwenda 120 inatosha. Ampea 15 × volti 120 ni VA 1,800 (VA ni volti mara ampea, kipimo cha uwezo wa transfoma), lakini transfoma ya 2,000 itachemka kwa kazi ya mfululizo. Chukua 3,000 halisi. Kibao cha transfoma mara nyingi hutaja uwezo wa kilele tu, ambao ni wa dakika chache, kwa hiyo uliza uwezo wa kudumu.

Kama ni mota nzito, ya kimya, yenye mkanda na nundu ya kapasita mgongoni, habari ni nyingine. Mota ya namna hiyo hufuata hetzi. Kwa hetzi 50 zetu itazunguka kwa pungufu ya moja ya sita, yaani 3,450 itashuka hadi karibu 2,875, na koili zake zitavuta mkondo mwingi zaidi kwa volti ileile, hivyo zitachemka. Nyingi zina mpangilio wa kubadilishwa kuwa volti 230 ndani ya kisanduku cha waya, na watu hufurahi wakiliona hilo, lakini hetzi zinabaki tatizo. Inaweza kufanya kazi fupifupi. Kwa siku nzima ya kupasua, itakuja kuhitaji kusukwa koili upya.

Tunashauri uitoe na uweke mota ya hapa ya hetzi 50, kilowati 2.2, mizunguko 2,850. Jiandae kwa mambo mawili: mashimo ya miguu hayatalingana, hivyo utatengeneza bamba la kati la milimita 8, na shafti ya mota ya ukubwa huu kwa kawaida ni milimita 24, wakati puli iliyokuja na mashine ina tundu la milimita 15.9. Nunua puli mpya, usipanue ile ya zamani kwa drili ya mkono, maana haitakaa katikati.

Shafti ya bledi nayo ni ya milimita 15.9, na bledi za madukani kwetu nyingi zina tundu la 25.4 au 30. Mchongaji wa mashine akuchongee pete ya chuma ya kujaza nafasi hiyo, iingie kwa kubana, na unene wake uwe pungufu kidogo ya unene wa bledi. Ikizidi, sahani za pembeni zitabana pete na kuiacha bledi ikiteleza.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, mita 40 kutoka kwenye mita ya umeme. Jioni mota ya hp 3 inaunguruma bila kuzunguka, asubuhi inawaka. Waya ni wa milimita 1.5 za mraba. (Msomaji, Tanga)

Waya ndio wenye kosa, na jioni umeme wa mtaa unapokuwa mdogo hauna akiba tena. Mota ya hp 3 fezi moja huvuta karibu ampea 14 ikifanya kazi, na mara tano ya hizo wakati wa kuamka. Kwa shaba ya 1.5, umbali wa mita 40 unapoteza volti kama 16 wakati wa kazi na zaidi ya 80 wakati wa kuamka. Mota iliyotengenezwa kwa 230 inabakiwa na 150 au chini, haiwezi kusukuma, inaunguruma, na kila sekunde ya kuunguruma ni koili zinazoungua. Izime ndani ya sekunde mbili, usiisubiri.

Vuta waya wa 4 za mraba: unapoteza volti 6 tu wakati wa kazi na kama 31 wakati wa kuamka. Waya wa 2.5 ungetosha kwa mita 15 au 20. Uwe na ethi yake, na ulindwe na sakiti breka inayovumilia mkondo wa kuamka, kazi ambayo afanye fundi umeme mwenye leseni. Rola la waya la kuongezea urefu, kama unalo, lifungue lote. Likiwa limezungushwa hukaa na joto lake hadi ganda la plastiki la waya linayeyuka.

Kama waya mpya umewekwa na bado inaunguruma, zungusha bledi kwa mkono (plagi ikiwa nje): ikiwa laini, kapasita ya kuamshia imekufa au swichi ndogo ya ndani ya mota imeshika unga. Vyote viwili ni matengenezo madogo.

Tungekuomba, na wengine wenye umeme wa kukatika, mwondoe swichi ya kawaida ya ukutani na kuweka ya sumaku yenye kinga ya mzigo, iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye mota. Umeme ukikatika inajifungua yenyewe. Ukirudi, bledi haianzi kuzunguka mtu akiwa ameinama juu yake akitoa kipande.

Msumeno wangu hauna kile kibapa cha nyuma ya bledi. Ubao uliwahi kuruka ukanipiga tumboni. Kinaweza kuongezwa? (Msomaji, Dodoma)

Kiongezwe kabla ya kitu kingine chochote, dada yetu. Ubao huruka kwa sababu mkato hujifunga nyuma ya bledi, hasa mbao zilizokauka vibaya, na meno yanayopanda yanaunyanyua. Wakati huo meno yanakwenda mita 44 kwa sekunde, karibu kilomita 158 kwa saa.

Kibapa hicho ni bamba la chuma linaloshika mkato ubaki wazi. Unene wake uwe zaidi ya mwili wa bledi lakini pungufu ya mkato: bledi yenye mwili wa 2.2 na mkato wa 3.2 inataka bamba la 2.5 hadi 2.8. Kichongwe kwa mviringo kufuata bledi, kikiacha nafasi ya milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno, na ncha yake iwe milimita 2 chini ya jino la juu. Ukingo wa mbele upigwe tupa uwe mwembamba kidogo. Kifungwe kwa bolti mbili za M8 kwenye kile chuma kinachobeba beringi za bledi. Bledi yako ikipanda na kushuka, kibapa kipande na kushuka nayo. Kikifungwa kwenye meza, siku utakayoshusha bledi kitaacha nafasi kubwa na hakitasaidia.

Kwa mbao halisi, si plaiwudi, funga pia uso wa nyongeza kwenye fensi unaoishia katikati ya bledi, ili kipande kinachotanuka kipate pa kwenda. Sukuma kwa fimbo ya urefu wa milimita 400 au zaidi, vidole vibaki angalau milimita 150 kutoka kwenye bledi, simama pembeni mwa mstari wa mkato, na usivae glavu.

Kwa ufupi

*Bledi ya 300 kwenye msumeno wa 250?* Hapana. Hata ikipita kwenye tundu la meza, kibapa na kinga havitalingana nayo, na mzigo kwenye shafti unazidi.

*Bledi ya kabaidi inavunjika meno kwenye mvule.* Mvule hubeba mawe ya chokaa ndani ya mti, mengine makubwa kama yai. Angalia madoa meupe na nyufa ngumu kwenye ncha ya ubao, na upitishe randa la mkono kwanza pale unaposhuku. Msaji nao una mchanga mwembamba unaobutusha meno ya chuma cha kawaida haraka, kwa hiyo kabaidi ni lazima.

*Vumbi.* Funga chini ya bledi sanduku la plaiwudi lenye mteremko, toa bomba la inchi 4 hadi kwenye kivuta vumbi. Vumbi la mbao limewekwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mvule zaidi ya hapo huwasha ngozi na kubana pumzi. Barakoa ya kitambaa haitoshi, vaa ya FFP2, ile ya kuchuja vumbi laini.

*Nimesikia kuna msumeno unaosimama ukigusa kidole. Naweza kuufunga mfumo huo kwenye wangu?* Upo, umeuzwa Marekani tangu 2004 kwa jina SawStop: unatambua umeme wa mwili na kurusha kipande cha alumini kwenye meno, bledi inasimama chini ya milisekunde 5. Hauwezi kuongezwa kwenye mashine nyingine, kwa sababu shafti na fremu vimebuniwa pamoja nao. Ukiununua, jua kwamba mbao mbichi sana au msumari vinaweza kuuamsha, na kila ukiamka unabadilisha breki na mara nyingi bledi pia.

*Meza ya chuma inashika kutu Mombasa.* Sugua kwa msasa wa 400 uliolowekwa mafuta ya taa, futa hadi ikauke, paka nta ya mshumaa au ya sakafu, isugue ing'ae. Rudia kila mwezi wakati wa masika. Mafuta ya injini usipake; yanaingia kwenye mbao na rangi haitashika.